Ukomo wa Windows 10: Kagua Kompyuta Kabla ya Kubadili Mfumo Endeshi

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ya nchini Marekani ilihitimisha rasmi huduma kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 29 Julai, 2015. Tangu siku hiyo, kompyuta zinazotumia mfumo huo zinaendelea kuwaka, kuandika barua na kuchapa kama kawaida. Zilichokosa ni masasisho ya usalama, yaani marekebisho ambayo kampuni hiyo huyatoa kila mwezi kuziba mianya inayoweza kutumiwa na wadukuzi. Zinazoendelea kuyapata ni zile tu zilizosajiliwa katika mpango maalum wa muda.

Mabadiliko hayo yamemweka njia panda mwananchi mwenye kompyuta moja nyumbani, mwenye duka la steshenari, mwalimu mwenye chumba cha kompyuta shuleni na mhasibu wa zahanati. Ushauri unaosikika zaidi mitaani ni wa aina mbili: kompyuta itupwe na inunuliwe nyingine, au fundi aweke Windows 11 kwa nguvu. Ushauri wote huo una gharama, na mara nyingi hutolewa kabla ya mtu yeyote kuikagua kompyuta yenyewe.

Makala haya yanaeleza kwa nini ukaguzi wa uoanifu unapaswa kutangulia uamuzi wa kununua, kubadili au kutupa. Namna ukaguzi huo unavyofanyika. Na hatua zinazofaa kwa kompyuta iliyofaulu na kwa ile iliyoshindwa.

Funzo la mwaka 2017

Umuhimu wa masasisho ulidhihirika tarehe 12 Mei, 2017, pale kirusi kilichoitwa WannaCry kiliposambaa katika nchi takribani 150 na kufunga mafaili katika zaidi ya kompyuta 200,000, huku kikidai malipo ili kuyafungua. Nchini Uingereza, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilibaini kuwa angalau taasisi 81 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma katika England ziliathirika, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufikia 19,000 ilifutwa.

Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba mwanya huo tarehe 14 Machi, 2017, takribani miezi miwili kabla ya shambulio. Kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unahudumiwa. Wenye kompyuta hizo walikuwa na dawa kabatini lakini hawakuitumia. Anayetumia Windows 10 leo bila kusajiliwa katika mpango wa muda yuko katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa dawa yenyewe haimfikii.

Athari ya pili huja taratibu kupitia vivinjari. Baada ya Windows 7 na Windows 8.1 kufikia ukomo, kivinjari cha Chrome nacho kiliacha kuihudumia mifumo hiyo. Kuanzia toleo la 110 la Februari, 2023 kilihitaji Windows 10 au mfumo mpya zaidi. Hili lina uzito kwa Watanzania kwa kuwa huduma nyingi za umma sasa hupatikana kwa njia ya kivinjari, kuanzia usajili wa biashara na kampuni BRELA, masuala ya kodi TRA, maombi ya ajira, hadi zabuni katika mfumo wa NeST. Kompyuta ambayo kivinjari chake hakisasishwi huanza kwa kufungua kurasa kwa shida na huishia kuwa hatari kwa nywila na taarifa za mtumiaji.

Maana ya uoanifu

Mfumo endeshi ni kiungo kati ya sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni maunzi, yaani vitu vinavyoshikika: prosesa, kumbukumbu ya RAM, diski na bodi kuu. Sehemu ya pili ni vifaa vinavyounganishwa, kama printa, skana, kisoma alama za vidole na printa ya stakabadhi, pamoja na draiva zake, ambazo ni programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuwasiliana na vifaa hivyo. Sehemu ya tatu ni programu za kazi, zikiwemo za uhasibu, uandishi, usanifu na kumbukumbu za wagonjwa au wanafunzi.

Uoanifu ni hali ya mfumo endeshi kukubaliana na sehemu zote hizo. Kompyuta inaweza kukidhi masharti ya mfumo mpya kwa upande wa maunzi, kisha printa ya ofisi ikakataa kufanya kazi siku inayofuata. Printa nayo inaweza kukubali, lakini programu ya uhasibu yenye kumbukumbu za miaka kumi ikashindwa kufunguka. Anayekagua prosesa pekee amekagua theluthi moja ya jambo.

Masharti ya Windows 11

Windows 11 ilitolewa tarehe 5 Oktoba, 2021 ikiwa na masharti makali kuliko yale ya mtangulizi wake. Kompyuta inatakiwa iwe na prosesa ya biti 64 iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa na Microsoft, RAM isiyopungua GB 4, diski yenye ukubwa usiopungua GB 64, mfumo wa uwashaji wa kisasa wa UEFI wenye uwezo wa Secure Boot, pamoja na TPM toleo la 2.0.

Masharti ya RAM na diski yanaeleweka kwa urahisi. GB 4 ni kima cha chini cha kuruhusiwa, na kwa mtu anayefungua kurasa kadhaa za intaneti huku akiandika hati, GB 8 ndiyo itakayompa utulivu wa kazi. Kwa upande wa diski, kompyuta mpakato ndogo za bei nafuu zilizotengenezwa na hifadhi ya GB 32 hushindwa moja kwa moja, hata zikiwa mpya machoni.

Sharti la prosesa ndilo linaloangusha kompyuta nyingi. Kwa prosesa za Intel, mpaka kwa sehemu kubwa ni kizazi cha nane, kilichoanza kuingia sokoni mwaka 2017, isipokuwa prosesa chache za kizazi cha saba zilizoruhusiwa. Kizazi hicho husomwa katika jina la prosesa. Kwa mfano, katika i5-7200U tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 7, hivyo ni kizazi cha saba na haimo katika orodha. Katika i5-8250U tarakimu hiyo ni 8, nayo imo. Katika i5-10210U tarakimu mbili za kwanza ni 10, yaani kizazi cha kumi. Prosesa za AMD nazo zina orodha yake, na ni vema jina kamili la prosesa lilinganishwe na orodha hiyo badala ya kukisia kwa kuangalia umri wa kompyuta.

Kwa mantiki hiyo, maelezo ya muuzaji kwamba kompyuta ni “Core i7” hayatoshi. Kompyuta ya i7 ya kizazi cha sita haikidhi masharti, wakati ya i3 ya kizazi cha nane inakidhi.

Kushindwa kunakotokana na mpangilio

TPM ni sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri za kompyuta. Katika kompyuta nyingine ni chipu inayojitegemea, na katika nyingine imo ndani ya prosesa au programu msingi ya bodi kuu. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya karibuni zinayo lakini imezimwa katika mpangilio wa bodi kuu. Kompyuta ya namna hiyo hutangazwa kuwa haifai ilhali inahitaji kuwashiwa kipengele hicho tu. Katika bodi zenye prosesa za Intel kipengele hicho mara nyingi huitwa PTT, na katika zile za AMD huitwa fTPM.

Hali kama hiyo huikumba UEFI. Zipo kompyuta zenye uwezo huo ambazo Windows 10 yake iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa uwashaji, huku diski ikiwa imegawanywa kwa mpangilio uitwao MBR. Hapa tahadhari inahitajika. Anayebadili mtindo wa uwashaji bila kwanza kubadili mpangilio wa diski kwenda GPT ataikuta kompyuta haiwaki. Windows 10 ina zana iitwayo MBR2GPT kwa kazi hiyo, na kwa asiye na uzoefu ni vema kazi hiyo ikafanywa na mtaalamu baada ya nakala ya taarifa kuhifadhiwa pembeni.

Namna ya kukagua

Mwenye kompyuta anaweza kuanza ukaguzi mwenyewe bila malipo. Microsoft inatoa programu iitwayo PC Health Check, ambayo hueleza kama kompyuta inakidhi masharti ya Windows 11 na, isipokidhi, hutaja sharti lililokosekana. Programu hiyo ipakuliwe katika tovuti ya Microsoft yenyewe, kwa kuwa programu za majina yanayofanana na hilo zinazosambazwa kwa flashi au katika tovuti zisizojulikana zinaweza kubeba virusi.

Zipo pia njia za ndani ya mfumo. Bonyeza kibonye chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, kisha andika winver ili kuona toleo la Windows linalotumika. Ukiandika msinfo32 utaona jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM, aina ya mfumo kama ni wa biti 32 au 64, na mtindo wa uwashaji. Ukiandika tpm.msc utaona kama TPM ipo, imewashwa, na ni toleo gani. Taarifa hizo ziandikwe kwenye karatasi au daftari la vifaa la ofisi.

Suala la biti linahitaji uangalizi wa pekee. Windows 11 haina toleo la biti 32. Kompyuta iliyowekewa Windows 10 ya biti 32, hata kama prosesa yake ni ya biti 64, haiwezi kupandishwa moja kwa moja. Italazimu mfumo mpya uwekwe upya kabisa, na programu zote zirudishwe moja baada ya nyingine. Aidha, draiva za biti 32 hazifanyi kazi katika mfumo wa biti 64, na programu kongwe za biti 16 ambazo bado hutumika katika baadhi ya ofisi zitakoma kufunguka. Programu za kawaida za biti 32 zenyewe zinaendelea kukubalika.

Printa na programu za kazi

Hatua inayorukwa zaidi ni ukaguzi wa vifaa na programu, ingawa ndiyo inayoamua kama kazi itaendelea Jumatatu asubuhi. Utaratibu wake ni rahisi, na unahitaji subira tu. Andika jina na namba ya modeli ya kila kifaa kinachounganishwa na kompyuta. Ingia katika tovuti ya mtengenezaji wa kila kifaa na utazame kama anatoa draiva ya Windows 11. Pakua draiva hiyo na uihifadhi katika flashi kabla ya kubadili mfumo, kwani kifaa cha mtandao kikikataa baada ya mabadiliko, kompyuta haitaweza kuitafuta draiva yake yenyewe.

Kwa programu, orodhesha zile ambazo bila hizo ofisi husimama. Kwa kila moja, tafuta majibu ya maswali matatu: Je, msambazaji anathibitisha kuwa inafanya kazi katika Windows 11? Je, diski au faili la kuiweka upya lipo? Je, namba ya leseni imehifadhiwa? Programu nyingi za uhasibu hushindwa kurejeshwa kwa sababu ya swali la tatu, hata pale ambapo uoanifu wake hauna tatizo.

Ifahamike pia kuwa Office 2016 na Office 2019 zilifikia ukomo wa huduma siku ileile ya tarehe 14 Oktoba, 2025. Programu za Microsoft 365 zitaendelea kupata masasisho ya usalama ndani ya Windows 10 hadi tarehe 10 Oktoba, 2028, lakini masasisho hayo yanalinda programu hizo tu na hayazibi mianya ya mfumo endeshi wenyewe. Vilevile, Internet Explorer haimo katika Windows 11. Ofisi yenye mfumo wa zamani uliotengenezwa kwa ajili ya kivinjari hicho inapaswa kuujaribu kwanza katika kivinjari cha Edge kwa hali maalum ya uoanifu iliyowekwa kwa kusudi hilo.

Kwa vituo vya afya na maabara, kompyuta iliyounganishwa na mashine ya uchunguzi isiguswe hadi mtengenezaji au wakala wake athibitishe kwa maandishi kuwa mashine hiyo inakubali mfumo mpya. Wakati uthibitisho ukisubiriwa, kompyuta hiyo itenganishwe na intaneti na isitumike kwa barua pepe wala kufungua flashi za watu mbalimbali.

Taarifa kwanza, mfumo baadaye

Hata kompyuta iliyofaulu kila kipimo inaweza kukumbwa na hitilafu katikati ya mabadiliko, hasa umeme ukikatika. Kabla ya kuanza, nakili hati, picha, barua pepe na mafaili ya uhasibu katika diski ya nje, kisha ufungue baadhi ya mafaili hayo katika kompyuta nyingine ili kuthibitisha kuwa yanasomeka. Nakala rudufu ambayo haijawahi kufunguliwa bado ni matumaini.

Kwa kompyuta ambazo diski yake imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker, tafuta ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48 na uuhifadhi nje ya kompyuta hiyo kabla ya kugusa mpangilio wa TPM au wa uwashaji. Mabadiliko katika mpangilio huo yanaweza kuifanya kompyuta idai ufunguo huo, na asiyekuwa nao hupoteza taarifa zake ingawa kompyuta ni nzima.

Upakuaji wa Windows 11 huchukua GB kadhaa za data, hivyo bando lipangwe mapema. Kompyuta mpakato iunganishwe na chaja muda wote, na ya mezani iwe na kifaa cha kuhifadhi umeme pale inapowezekana. Kazi ikikamilika, jaribu printa, skana na kila programu ndani ya siku chache. Windows 11 kwa kawaida hutoa siku 10 za kurejea katika mfumo uliotangulia, na zikipita, njia hiyo ya mkato hufungwa.

Kompyuta iliyoshindwa

Kushindwa kwa sababu ya prosesa hakuna tiba ya mpangilio. Zipo mbinu za kulazimisha Windows 11 katika kompyuta isiyokidhi masharti, na baadhi ya mafundi huzitoa kama huduma. Microsoft imeeleza kuwa kompyuta ya namna hiyo haina hakikisho la kupata masasisho, yakiwemo ya usalama. Anayelipia huduma hiyo anaweza kujikuta amenunua tatizo lilelile alilokuwa akilikimbia.

Kwa kompyuta binafsi, njia ya kwanza ni mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, uliopangwa kufikia tarehe 13 Oktoba, 2026. Sharti ni kompyuta iwe na Windows 10 toleo la 22H2 na mwenye kompyuta awe na akaunti ya Microsoft. Usajili unawezekana bila malipo kwa kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe katika akaunti hiyo, kwa kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kwa kulipa Dola za Marekani 30. Usajili mmoja unaweza kutumika kwa kompyuta hadi 10. Mpango huo hauleti vipengele vipya, na manufaa yake makubwa ni kumpa mwenye kompyuta muda wa kujipanga.

Njia ya pili ni kuhamia mfumo endeshi huria wa Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambao hupatikana bure na hufanya kazi vizuri katika kompyuta nyingi zilizokataliwa na Windows 11. Toleo la Ubuntu 24.04, kwa mfano, lina huduma ya kawaida hadi mwaka 2029. Ukaguzi wa uoanifu unahitajika hapa pia, kwani programu nyingi za uhasibu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows hazitafunguka, na baadhi ya printa hazina draiva. Faida yake ni kwamba mifumo hii inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi na kujaribiwa bila kugusa diski. Kwa mwanafunzi, au kwa ofisi inayotumia kivinjari na uandishi wa hati tu, jaribio la saa moja linaweza kuokoa gharama ya kompyuta mpya.

Njia ya tatu ni kuitenga kompyuta na mtandao na kuipa kazi isiyohitaji intaneti, na ya nne ni kununua nyingine.

Hesabu ya taasisi

Taasisi zina utaratibu tofauti. Mpango wa bei ya watu binafsi haukulengwa kwa kompyuta zinazosimamiwa kitaasisi. Kwa mashirika, Microsoft ilitangaza bei ya Dola za Marekani 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, inayozidishwa mara mbili kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu: 61, 122 na 244, jumla Dola 427. Kwa taasisi za elimu, bei iliyotangazwa ni Dola 1, kisha 2, kisha 4, jumla Dola 7 kwa kompyuta kwa miaka yote mitatu. Shule na vyuo vinavyofikiria kununua kompyuta mpya kwa haraka havina budi kuitazama tofauti hiyo kwanza.

Tuchukue mfano wa ofisi yenye kompyuta 20 ambayo haijakagua chochote. Ikilipia zote kwa mwaka wa kwanza itatumia Dola 1,220. Ikiwa ingekagua na kubaini kuwa kompyuta 8 zinakidhi masharti, 7 zinahitaji kuwashiwa TPM tu, na 5 ndizo zisizokidhi, malipo yangekuwa ya kompyuta 5 pekee, yaani Dola 305. Kwa miaka mitatu tofauti ni kati ya Dola 8,540 na Dola 2,135. Ukaguzi unaoleta tofauti hiyo unaweza kufanywa na ofisa mmoja wa TEHAMA mwenye daftari ndani ya siku moja au mbili.

Mbali na fedha, kuna wajibu wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu kuchukua hatua za kuzilinda. Shule yenye majina na matokeo ya wanafunzi, zahanati yenye kumbukumbu za wagonjwa na chama cha akiba na mikopo chenye orodha ya wanachama wote wanahusika. Kompyuta isiyopata masasisho iliyounganishwa na intaneti ni mlango ulioachwa wazi katika chumba chenye taarifa za watu wengine.

Kununua na kuondosha

Mabadiliko haya yameathiri pia soko la kompyuta zilizotumika. Ofisi za nchi nyingine zinapoondoa kompyuta zilizoshindwa masharti, ni rahisi baadhi yake kuuzwa tena mbali na zilipotoka, ikiwemo katika masoko yetu. Mnunuzi wa Kariakoo au kwingineko anashauriwa kuiwasha kompyuta mbele ya muuzaji, kusoma jina kamili la prosesa, kuangalia tpm.msc na kuhakikisha diski inazidi GB 64. Akikuta Windows 11 imekwishawekwa, asiridhike kwa hilo pekee, kwa kuwa huenda iliwekwa kwa nguvu. Jina la prosesa ndilo litakalompa jibu. Bei ya chini kwa kompyuta isiyokidhi masharti si lazima iwe hasara, ilimradi mnunuzi anajua anachonunua na amekwisha kupanga kutumia Linux.

Kwa kompyuta inayoondoshwa, taarifa zilizomo katika diski zifutwe kikamilifu, na kifaa kikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kuanzia tarehe 1 Januari, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za kielektroniki, ziwe hatarishi au la, zisisafirishwe nchi hadi nchi bila ridhaa ya nchi inayopokea. Kompyuta inayoweza kuhudumia shule kwa miaka mitatu zaidi haipaswi kuhesabiwa miongoni mwa taka hizo kwa sababu tu hakuna aliyeikagua.

Hatua za kuchukua sasa

Kwa muhtasari, mwenye kompyuta ya Windows 10 anashauriwa kuanza kwa kuisajili katika mpango wa masasisho ya ziada pale anapostahili, ili isibaki wazi wakati ukaguzi ukiendelea. Pili, akague maunzi na kuandika matokeo. Tatu, akague vifaa na programu zake. Nne, ahifadhi nakala rudufu na funguo zake. Uamuzi wa kubadili mfumo, kuhamia Linux au kununua kompyuta nyingine uje baada ya hapo.

Tarehe 13 Oktoba, 2026 ni kikomo cha mpango huo wa kompyuta binafsi, na kwa ofisi zenye bajeti za mwaka wa fedha, muda wa kuingiza mahitaji haya katika mipango ni mfupi kuliko unavyoonekana katika kalenda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kompyuta nyingi za Windows 10 zilizopo majumbani na maofisini, ufa huo bado unazibika kwa gharama ndogo, na kazi ya kwanza ni kujua ni zipi.